Matangazo ya utajiri wa haraka yasomwe kwa jicho la sarufi

Mtahiniwa wa Kidato cha Nne humu nchini akiulizwa ataje sifa za sajili ya matangazo ya biashara, atazimimina pasi na kusita. Atakwambia kwamba lugha yake ni ya kushawishi, kwamba imejaa chuku na takriri, kwamba sentensi zake ni fupi, kwamba huisifu bidhaa na kuzifunika kasoro zake. Atatuzwa alama zake zote. Miezi michache baadaye, akiwa amemaliza shule na kununuliwa simu, atakumbana na tangazo lenye sifa hizo zote bila kupungua hata moja, linalomwahidi kwamba shilingi elfu moja zitageuka elfu mbili kabla ya mwezi kuandama. Naye ataituma hiyo elfu moja.

Nauliza basi: sifa zile alizitaja za nini?

Wengi wameandika kuhusu utapeli wa mitandaoni na matangazo ya sarafu za kidijitali. Wameandika wanauchumi, wameandika wanasheria, na polisi wametoa maonyo yao. Mimi si mwanauchumi, wala sina nia ya kumfundisha mtu namna ya kutumia fedha zake. Kazi yangu ni lugha. Hata hivyo, kwa muda sasa nimekuwa nikiyasoma matangazo haya, moja baada ya jingine, na nimeshawishika kwamba mlango anaoingilia tapeli si mfuko wa mtu bali ni sentensi. Yeyote anayefundisha Kiswahili, au anayekisoma, anao ufunguo wa mlango huo ijapokuwa hajaarifiwa kwamba anao.

Kwanza tuondoe dhana kwamba haya ni mambo ya jana na juzi yaliyoletwa na intaneti. Mwaka 1920, katika jiji la Boston nchini Marekani, Charles Ponzi aliwaahidi watu faida ya asilimia 50 katika muda wa siku 45. Alidai kwamba faida hiyo ilitokana na kununua hati za posta katika nchi moja na kuziuza katika nchi nyingine. Kumbe aliyekuja leo alilipwa kwa fedha za aliyekuja kesho, na Agosti mwaka huo huo jengo lote likaporomoka. Hapa kwetu, katika miaka ya 2006 na 2007, mipango ya namna hiyo ilienea kama moto nyikani. Jopo lililoundwa na serikali chini ya uenyekiti wa Francis Nyenze lilipokamilisha uchunguzi wake, lilieleza kwamba watu zaidi ya 148,000 walikuwa wamepoteza zaidi ya shilingi bilioni 8. Walimu walikuwamo. Wastaafu walikuwamo. Makanisa yalikuwamo.

Ndugu zetu wa Tanzania nao walikuwa na yao. Mpango ulioitwa DECI uliwavuta maelfu ya watu hadi serikali ilipousimamisha mwaka 2009, na mwaka 2013 mahakama ya Kisutu jijini Dar es Salaam ikawatia hatiani viongozi wake. Mfano huu naupenda kwa sababu ya msamiati wake. Katika DECI mtu hakutoa fedha wala hakukopesha. Alipanda mbegu. Na siku ya malipo ilipowadia hakulipwa, alivuna. Hebu mwalimu wa fasihi atafakari uzito wa sitiari hiyo katika nchi ya wakulima na waumini. Mkulima anajua kwamba mbegu ikishaingia ardhini haifukuliwi kuangaliwa kama imeota, husubiriwa. Mwumini anajua kwamba anayepanda kwa ukarimu huvuna kwa wingi. Hivyo aliyeuliza fedha zilikokwenda alionekana hana subira na hana imani. Kwa nomino moja tu, mbegu, swali la mhasibu liligeuzwa kuwa dhambi.

Sitiari za leo zimebadilika lakini kazi yake ni ile ile. Tuchukue neno sarafu. Kwa Mswahili sarafu ni kitu: ina uso na mgongo, hulia ikianguka sakafuni, hufungwa kwenye pindo la leso. Kile kinachoitwa sarafu ya kidijitali hakina lolote kati ya hayo. Ni rekodi iliyoandikwa katika leja ambayo nakala zake zimesambaa katika kompyuta nyingi ulimwenguni. Kile kinachoitwa pochi hakina sarafu ndani yake. Kinahifadhi funguo za siri zinazomwezesha mtu kuihamisha rekodi hiyo. Na kile kinachoitwa uchimbaji hakihitaji sururu. Ni kompyuta zinazoshindana kukokotoa. Sisemi kwamba istilahi hizi ni uongo. Kila taaluma huazima maneno ya vitu vinavyoshikika ili kuvieleza visivyoshikika, nasi wanaisimu tunao mti wetu usio na majani na mzizi wetu usio na udongo. Ninachosema ni kwamba anayesikia sarafu, pochi na kuchimba huona akilini mwake kitu kigumu, kizito, chenye thamani ya madini, kabla hajaambiwa chochote kuhusu thamani yenyewe.

Isitoshe, kuna tofauti moja ambayo istilahi hizi huificha na ambayo kila mtumiaji wa M-Pesa anapaswa kuifahamu. Ukikosea nambari katika M-Pesa, unaweza kuomba muamala urudishwe, na yupo wa kumwomba. Ukituma Bitcoin kwa tapeli, hakuna wa kumpigia simu. Mfumo huo uliundwa makusudi mwaka 2009 usiwe na benki katikati, na jambo wanalolisifia wafuasi wake ndilo hilo hilo linalomfurahisha mwizi.

Niharakishe kuongeza kwamba Bitcoin yenyewe si utapeli kwa maana ya Ponzi. Ipo, hununuliwa na kuuzwa, na bei yake hupanda na kushuka. Novemba 2021 ilifika dola 69,000 hivi, na mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 17,000. Wapo waliotajirika na wapo waliolia. Lakini wengi wa wanaotapeliwa hawajawahi kuimiliki hata chembe ya Bitcoin. Wamenunua jina tu. Kisa cha OneCoin kinatosha. Ruja Ignatova na wenzake walianzisha mpango huo mwaka 2014 kutoka Bulgaria, wakaueneza duniani hadi kwa majirani zetu wa Uganda, na waendesha mashtaka wa Marekani wanasema kwamba ulikusanya zaidi ya dola bilioni 4. Leja ya kweli haikuwapo. Sarafu haikuwapo. Oktoba 2017 Ignatova alipanda ndege kutoka Sofia kwenda Athens na hajaonekana hadharani tangu hapo. Juni 2022 shirika la FBI lilimwingiza katika orodha yake ya watu kumi wanaosakwa zaidi. Mwenzake, Karl Sebastian Greenwood, alihukumiwa kifungo cha miaka 20 mwaka 2023. Na walimu wenzangu wataniwia radhi kwa kulisema hili: kile ambacho OneCoin iliwauzia watu rasmi hakikuitwa sarafu. Kiliitwa vifurushi vya elimu.

Tuje sasa kwenye sarufi yenyewe, maana huko ndiko niliko nyumbani.

Katika Kiswahili tuna kauli ya kutendwa, na kila mwanafunzi anajua kwamba mtenda katika kauli hiyo huletwa na kiunganishi "na". Ng'ombe alikamwa na Juma. Tunajua pia kwamba Juma anaweza kuachwa nje na sentensi ikasimama: ng'ombe alikamwa. Matangazo ya utapeli hustawi katika nafasi hiyo aliyoiacha Juma. Akaunti yako itaongezewa asilimia 5 kila siku. Faida italipwa moja kwa moja. Mtaji wako utalindwa. Itaongezewa na nani? Italipwa na nani, kutoka katika biashara gani? Utalindwa na sheria ipi? Sentensi ni sanifu, upatanisho wa kisarufi hauna dosari, ila mtenda hayupo.

Kuna kauli nyingine iliyo hatari zaidi, nayo ni ya kutendeka. Fedha zako zinaongezeka ukiwa umelala. Hapa hata hatuwezi kuuliza "na nani", kwa sababu sarufi haituruhusu. Hakuna asemaye "zinaongezeka na Juma". Kauli ya kutendeka huonyesha tendo kama kwamba limejitokea lenyewe, kama maji yanavyochemka na nyasi zinavyostawi baada ya mvua. Sijui lugha nyingine za dunia zinamsaidia tapeli kwa kiasi gani, lakini Kiswahili chetu kimempa kiambishi kimoja kifupi, -ek-, ambacho kinafuta mwenye deni katika deni.

Na si hizo tu. Litazame tangazo linalosema: "Mfumo wetu hulipa kila siku saa mbili usiku." Kiambishi hu- hakina wakati, hudokeza mazoea, hudokeza desturi ya tangu na tangu. Jua huchomoza. Mto humwagika baharini. Mfumo huo ulizinduliwa wiki tatu zilizopita, lakini kwa hu- moja tayari una historia ndefu kama ya jua. Mhariri mwaminifu angelazimika kuandika "umelipa kwa siku kumi na tisa", na tangazo lingekufa pale pale.

Hata makampuni halali hayajaepuka mchezo huu. Mwaka 2021 mamlaka inayosimamia matangazo nchini Uingereza ilipiga marufuku mabango ya kampuni ya Luno yaliyokuwa yamebandikwa katika magari ya abiria jijini London. Ujumbe wake ulikuwa kwamba ukiiona Bitcoin kwenye basi, basi ni wakati wa kuinunua. Mamlaka iliona kwamba tangazo hilo lilipotosha na halikuwajibika, kwani lilifanya uwekezaji uonekane jambo rahisi na halikutaja hatari yake. Mwanafunzi wa sarufi angeongeza hoja moja. Sharti lililofungwa kwa "-ki-" hutuahidi uhusiano kati ya sehemu mbili za sentensi: ukila, utashiba. Kati ya kuona bango kwenye basi na kuwadia kwa wakati wa kununua hapakuwa na uhusiano wowote, isipokuwa "-ki-" yenyewe. Kuanzia Oktoba 2023 Waingereza waliweka kanuni kali zaidi: tangazo la mali hizo halina budi kueleza bayana kwamba mtu anaweza kupoteza fedha zake zote, mteja mpya hupewa saa 24 za kufikiri, na zawadi za kumleta rafiki zimeharamishwa.

Hilo la rafiki linanikumbusha pata potea. Yeyote aliyewahi kushuka garini mjini akiwa na haraka amewaona wale vijana wenye karata tatu juu ya kikatuni. Mchezo wenyewe ni wepesi, na mgeni anauona mwenyewe kwamba ni mwepesi, kwa sababu bwana aliyesimama mbele yake ameshinda mara tatu mfululizo. Asichokijua mgeni ni kwamba bwana huyo, na mama aliyebeba kikapu, na kijana anayepiga kelele za furaha, wote wamekuja pamoja na mwenye karata. Katika umati ule mgeni ni mmoja tu. Kundi la WhatsApp au Telegram lenye watu mia mbili wanaobandika picha za malipo waliyopokea, wakishukuru na kumsifu "kocha" wao, ni pata potea ile ile iliyohamishwa kutoka barabarani. Tofauti ni kwamba barabarani mtu aliweza kugeuka nyuma na kuwatazama nyuso.

Muhula uliopita mwanafunzi wa mwaka wa pili alinijia ofisini na simu yake. Alikuwa ameingizwa katika kundi la namna hiyo. Alipewa kazi ya kubonyeza alama ya kupenda kwenye video, akalipwa shilingi mia tatu, akalipwa tena mia tatu, na sasa alikuwa ametakiwa aweke elfu kumi na tano ili apandishwe ngazi. Fedha hizo alikuwa nazo. Zilikuwa karo. Hakuja kuomba ushauri wa fedha. Alikuja kuniuliza, kwa fahari kidogo, kama nimeona jinsi Kiswahili kinavyokua katika biashara za kisasa, maana matangazo ya kundi hilo yalikuwa yameandikwa kwa Kiswahili safi ajabu. Nilimpa karatasi nikamwambia achanganue sentensi tano za kwanza, aonyeshe kiima, kiarifa na mtenda wa kila moja. Alikaa nazo robo saa. Katika sentensi zote tano mtenda pekee aliyepatikana alikuwa yeye mwenyewe: weka, alika, thibitisha, harakisha. Kila palipohusu kutoa fedha palikuwa na mtu, na mtu huyo alikuwa "wewe". Kila palipohusu kulipwa hapakuwa na mtu. Nikamwambia awaulize wenyewe swali moja la maneno mawili: "Na nani?" Aliliandika hapo hapo mbele yangu. Kabla sijamaliza chai yangu alikuwa ameondolewa kundini. Karo aliilipa siku iyo hiyo.

Naona wengi bado huwashauri vijana watafute makosa ya tahajia, kwamba tangazo lenye Kiswahili kibovu ndilo la tapeli. Ushauri huo umepitwa na wakati. Mwaka 2012 mtafiti Cormac Herley wa kampuni ya Microsoft alieleza kwamba barua za kitapeli zilizojaa vituko hazikuandikwa hivyo kwa ujinga. Zilikuwa kichujio cha kuwaondoa mapema wenye shaka, ili mwizi asipoteze muda wake na mtu ambaye hatimaye angekataa. Na sasa programu za akili mnemba zinaandika Kiswahili ambacho baadhi ya wahitimu wetu wangekionea wivu. Zinaghushi sauti na nyuso pia. Julai 2023 mwanahabari wa masuala ya fedha wa Uingereza, Martin Lewis, alionekana katika video akiupigia debe uwekezaji uliohusishwa na Elon Musk. Hakuwa yeye, sura na sauti vilikuwa vimetengenezwa. Hata akaunti ya kweli si kinga, kwani Julai 2020 wezi waliziteka akaunti za Twitter za Barack Obama, Bill Gates na wengine, wakaahidi kwamba anayetuma dola 1,000 za Bitcoin angerudishiwa 2,000. Katika saa chache walikusanya zaidi ya dola 100,000. Mkuu wa kundi hilo alikuwa kijana wa miaka 17 huko Florida. Na pale ambapo mtu mashuhuri ni wa kweli na akaunti ni yake, bado tuulize amelipwa ngapi: Oktoba 2022 Kim Kardashian alikubali kulipa dola milioni 1.26 kwa kutofichua kwamba alipokea dola 250,000 ili kuisifia sarafu moja mbele ya wafuasi wake.

Kuna neno la Kikenya linalohitaji aya yake peke yake: "tumesajiliwa". Tapeli wetu hulipenda mno, na mara nyingi huambatanisha picha ya cheti chenye nembo ya serikali. Cheti chaweza kuwa cha kweli! Kusajili jina la biashara au kampuni ni jambo la kawaida, na anayesajili kampuni ya kuuza mitumba hupewa cheti kinachofanana na hicho. Kusajiliwa si kupewa leseni ya kupokea fedha za umma na kuziwekeza. Leseni hiyo hutolewa na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, au Benki Kuu, au mamlaka ya vyama vya akiba na mikopo, kutegemea aina ya shughuli, na wenye leseni huorodheshwa hadharani. Desemba 2015 Benki Kuu ya Kenya iliwatahadharisha wananchi kwamba Bitcoin na nyinginezo si fedha halali nchini. Mwaka 2025 Kenya ilipata sheria ya kuwasimamia watoa huduma za mali hizi, na kazi ya kutoa leseni ikagawanywa kati ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Ni hatua njema. Lakini tusishangae kuiona sheria yenyewe ikigeuzwa pambo la matangazo: "sasa ni halali Kenya". Anayesema hivyo na aonyeshe leseni yake, yenye jina lake, tuilinganishe na orodha.

Walimu wa hisabati nao wana la kufanya. Wachukue ile ahadi ya kuongeza fedha maradufu kila mwezi na kuiandika ubaoni. Shilingi 1,000 zikiachwa ziongezeke maradufu kwa miezi 12 huwa shilingi 4,096,000. Baada ya miezi 24 ni zaidi ya bilioni 16. Baada ya miezi 32 ni zaidi ya shilingi trilioni 4.2, yaani kiasi kinachokaribia bajeti nzima ya serikali ya Kenya ya mwaka 2025/2026. Mtu mmoja, elfu moja, miaka miwili na miezi minane. Aprili 2025 jukwaa lililojiita CBEX, lililowaahidi watu wa Nigeria kwamba akili mnemba ingeziongeza fedha zao maradufu kwa siku 30, lilifunga milango ya kutoa fedha na kuwaacha wateja wake barabarani. Ikumbukwe kwamba hata mwaka 2024, riba ya hati za serikali yetu ilipopanda kupindukia, ilikuwa takriban asilimia 16, na ni kwa mwaka.

Sasa nifikie jambo linaloniudhi. Habari za waliotapeliwa zikitangazwa, hatukosi kusikia "tamaa mbele, mauti nyuma". Husemwa na jirani, husemwa mimbarini, husemwa hata na afisa aliyepaswa kuandika taarifa. Naiheshimu hazina ya wahenga, lakini methali hii inatumiwa vibaya. Mwalimu mwenye mkopo wa chama, mshahara uliokatwa nusu na watoto watatu shuleni hakuongozwa na tamaa alipotafuta njia ya kuongeza kipato. Aliongozwa na hesabu. Mwanafunzi ambaye mkopo wake wa Bodi umechelewa anatafuta chakula. Tukimwita mlafi, atanyamaza, na kunyamaza kwake ndiko kunakompa tapeli muda wa kumfuata jirani yake. Methali hiyo hiyo, kwa hakika, ingefaa kumwelekea yule aliyeandika tangazo.

Hata huyo mwandishi wa tangazo wakati mwingine si yule tunayemdhania. Agosti 2023 Ofisi ya Haki za Kibinadamu ya Umoja wa Mataifa ilikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar na wapatao 100,000 nchini Kambodia walikuwa wakilazimishwa kuendesha utapeli wa mitandaoni. Vijana wa Kenya walikuwa miongoni mwa waliowahi kuokolewa huko. Walikuwa wameahidiwa kazi nzuri nchini Thailand, wakavushwa mpaka, wakanyang'anywa pasipoti na kuketishwa mbele ya kompyuta kuandika barua za mapenzi na za uwekezaji kwa watu wasiowajua. Walitafutwa kwa sababu wamesoma na wanajua lugha. Mwanafunzi anayepokea ujumbe wa kumshawishi awekeze, na mwanafunzi aliyemaliza chuo anayetangaziwa kazi ya mshahara mnono Bangkok, wamelengwa na mkono mmoja, kwa sarufi moja.

Ndiyo maana natoa rai kwa walimu wenzangu wa Kiswahili, iwe ni katika mfumo wa 8-4-4 unaoelekea ukingoni au katika mtaala wa umilisi unaochukua nafasi yake. Tuache kuwafundisha wanafunzi kutunga matangazo peke yake. Tuyalete darasani yale wanayoyapokea, tuyachape kama kifungu cha ufahamu, na maswali yawe haya: Mtenda ni nani? Kitenzi hiki kiko katika kauli gani, na kwa nini? Ni taarifa ipi iliyoachwa nje? Kwa nini napewa saa mbili tu za kuamua? Sajili ya matangazo ifundishwe kama daktari anavyofundishwa dalili, ili akiiona mwilini mwa mgonjwa aitambue, na si kama orodha ya kuimbwa siku ya mtihani. Wenye kutunga mitihani ya taifa nao wanaweza kutusaidia, kwani kisichotahiniwa hapa kwetu hakifundishwi.

Kwa aliyekwisha kutuma fedha, nina machache. Asitume nyingine, hata akiambiwa kwamba ni "kodi" au "ada ya kufungulia" fedha zake; mwenye kukudai kodi huikata katika kile anachokulipa, hakuombi umtumie kwanza. Aiarifu kampuni ya simu au benki mara moja, kwani saa za mwanzo ndizo zenye matumaini. Asifute ujumbe wala nambari kwa aibu; avihifadhi vyote na kuvipeleka kwa maafisa wa upelelezi wa jinai. Na ajue kwamba baada ya wiki mbili tatu huenda akapigiwa simu na mtu mwenye sauti ya upole, anayejiita wakili au mtaalamu wa kurejesha fedha zilizoibwa mtandaoni, ambaye anajua hata kiasi alichopoteza. Mtu huyo anajua kwa sababu orodha ya waliotapeliwa nayo huuzwa, kama bidhaa nyingine yoyote. Naye ataomba ada kidogo ya kuanzia. Nambari yake ipelekwe kwa wapelelezi pamoja na ile ya kwanza.